Kangaja wa Baba Kate

Ukipiga dawa ya kunguni kwako peke yako, wanahamia kwa jirani, wanakaa huko kidogo kama watu walioenda ushago kijijini, kisha wanarudi wakiwa wamenenepa. Mama Nerima alitueleza hivyo pale kwenye bomba, leso ikiwa imefungwa kiunoni, na kwa mara ya kwanza mwaka huo nilikubaliana naye. Laini yote ingepigwa dawa siku moja, pande zote mbili za njia. Mtu asije na visingizio.

Mimi ni Luseno, fundi wa nguo. Cherehani yangu iko kwenye veranda hapa mtaani Jericho, imeelekea njia, kwa hivyo mambo ya laini hii sihitaji kuyauliza. Yanapita mbele yangu yenyewe. Umbea siupendi, lakini pia siwezi kushona nikiwa nimefumba macho.

Haraka ya Mama Nerima tuliijua sote. Binti yake, Nerima, alikuwa amepata mchumba, na mwisho wa Julai wakwe wangekuja kutoka Kitale kuzungumza mambo ya mahari. Mama Nerima anauza mapazia ya mitumba sokoni, na nyumba yake ndiyo iliyopambwa kutushinda sote. Ana viti vikubwa vya rangi ya maziwa ambavyo havijawahi kuvuliwa nailoni ya dukani tangu viletwe. Ukivikalia mchana wa jua unanyanyuka suruali imekushika mapajani. Sasa alikuwa akiwaza mzee wa watu akirudi Kitale na kunguni kwenye kola ya koti.

"Nitaficha wapi uso wangu, Luseno?" aliniuliza.

Kila nyumba ilikubali isipokuwa moja. Mbugua, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu, alisema hapana, akaingia ndani akafunga mlango taratibu.

Mbugua ni fundi wa friji. Tunamwita Baba Kate kwa sababu ya binti yake aliyeolewa Thika. Ni mtu mkimya, hajawahi kugombana na mtu hata kuhusu zamu ya bomba, kwa hivyo hapana yake ilitushtua. Lakini sababu tuliijua. Sebuleni mwake, mahali ambapo mtu mwingine angeweka televisheni, kuna tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, na ndani yake kulikuwa na samaki mmoja wa baharini.

Alimpata kwenye mkahawa mmoja wa mjini uliofungwa. Yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza friji zao, na siku ya kufunga wakamwambia akitaka kile kioo akichukue na kilichomo. Alikileta kwa mkokoteni, maji yakiwa kwenye mitungi, na samaki kwenye ndoo yenye kifuniko. Tulimcheka sana. Jericho hii watu wanapanga foleni ya maji baridi, na yeye analeta ya chumvi kwa mkokoteni.

Samaki mwenyewe alikuwa wa kusikitisha. Tumbo limebonyea, kichwa kina vishimo kama ukuta ulioliwa na mchwa. Mbugua alitueleza kwamba yule anaitwa kangaja, na kwamba kule mkahawani walikuwa wakimlisha nyama ya kamba tu. Kangaja, alisema, ni kama ng'ombe, kazi yake ni kula majani mchana kutwa. Basi akapata mtu wa Kilifi anayemtumia mwani mkavu kwa basi. Anaubana kwa kibanio cha nguo kwenye kioo, na mwani ukichelewa anachovya sukuma wiki kwenye maji moto na kumpa. Maji alikuwa akiyachanganya mwenyewe kwa chumvi ya bahari ya pakiti, anayapima, anayachunguza kwa vyombo vyake vidogo vidogo kama mtu wa maabara. Taratibu vishimo vikajiziba. Mwili ukageuka bluu ya anga ya asubuhi, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano kabisa. Hata mimi, ambaye samaki namjua kwa ugali, nilikuwa nikienda kumtazama.

Shina la mkia wake lilikuwa na kijisu, kikali kama wembe wangu wa kufumulia nguo. Akimwona mgeni anaupindisha ule mkia kama anayesema jaribu. Lakini Mbugua akitia mkono majini, kangaja alikuja akala kutoka vidoleni mwake. Mtu huyo hakuwa na mwingine wa kula naye chakula cha jioni. Nasema tu nilichokuwa nikikiona.

Mama Nerima aliniburuta niende naye kumsemesha, ati nina ulimi laini. Tulimkuta akisugua kioo. Mama Nerima hakukaa.

"Baba Kate, unataka tuliwe na kunguni laini nzima kwa sababu ya samaki?"

Mbugua alikausha mikono, akakunja shati hadi kiwikoni. Mkono wote ulikuwa na vipele, vingine vibichi, vingine vimekauka na kuacha makovu. Akakunja na wa pili.

"Mimi naumwa kuliko nyinyi," alisema. "Kate haji tena na mtoto. Alirudi Thika mara ya mwisho mtoto amevimba shingo. Unafikiri napenda?"

Mimi nikauliza kwa nini samaki asihamishwe siku hiyo moja, awekwe kwenye beseni.

Mbugua akanieleza polepole, kama anavyowaeleza watu kwa nini friji yao haigandishi. Kangaja anaogelea siku nzima, beseni ni jela kwake. Julai ni baridi na yeye anataka maji ya uvuguvugu. Tena ni samaki wa hofu. Akishtuka sana mwili unalegea, na vidudu visivyoonekana vilivyomo majini, ambavyo siku zote anavihimili, vinamvamia. Anatoka madoa meupe mwili mzima, mapezi na yote, na kangaja wa aina hii akishatoka madoa, wengi hawaponi. Na kumwacha ndani ni kubaya zaidi, kwa sababu ile pampu inayompulizia hewa inavuta hewa ya chumbani. Dawa ikiwa chumbani, pampu itaivuta na kuipeleka moja kwa moja majini.

"Samaki ni samaki, Baba Kate," Mama Nerima alisema. "Huyu akifa utanunua mwingine. Mimi wakwe sinunui."

Mbugua alimtazama, kisha akatazama kioo. Kangaja alikuwa akizunguka jiwe lake, huku na huko. Tulitoka bila kuaga vizuri, na mimi niliona aibu, ingawa maneno hayakuwa yangu.

Kesho yake asubuhi Mbugua alikuja kwenye veranda yangu. Hakuwa amelala, macho yalisema hivyo. Alikuwa amefikiria: angelifunika tangi lote kwa nailoni nzito, abandike kwa utepe wa gundi pande zote, kisha pampu aitoe nje kabisa, upande wa nyuma wa nyumba ambako hakuna dawa. Mpira mmoja ungepeleka hewa safi ndani kupitia dirishani, na mpira wa pili ungetoa hewa iliyotumika. Mpira ni kazi yake ya kila siku. Shida ni kwamba pampu ikiachwa nje Jericho bila mtu, itapata mwenyewe mpya.

"Nitakaa nayo," alisema. "Mwambie Mama Nerima nimekubali."

Siku ya dawa laini nzima ilikuwa nje. Ukitaka kuwajua majirani zako, ngoja watoe magodoro yao juani. Gichuru, fundi wa dawa, alikuja na tangi lake mgongoni na kitambaa usoni, akaingia nyumba baada ya nyumba. Tulitoa vitanda, tukavifungua, akapuliza kwenye kila tundu la parafujo. Alipofika kwenye viti vya Mama Nerima, vilivyokuwa vimepangwa njiani kama vya mkutano, akasema nailoni itolewe.

"Itolewe iende wapi?" Mama Nerima akamuuliza.

"Wanajificha kwenye mishono, mama."

"Kijana, viti hivi vimetoka dukani vikiwa vimevaa hivyo. Kunguni angeingilia wapi? Hiyo dawa yako itaacha alama kwenye kitambaa, na wageni wanakuja. Pita."

Gichuru akainua mabega, akapita. Mama Nerima ndiye aliyekuwa ametupanga, ametukusanya na kututafutia fundi, na mtu wa namna hiyo humwambii avue viti vyake.

Nyumba ya Mbugua ilipulizwa katikati ya asubuhi. Nilimsaidia kubandika nailoni. Kangaja alitutazama kutoka nyuma ya jiwe, rangi imempauka, kijisu kimesimama. Tukafunga mlango, tukazunguka nyuma. Mbugua akaketi kwenye mtungi uliopinduliwa, pampu ikinguruma miguuni mwake, waya wake ukitoka dirishani kwa jirani ambaye nyumba yake ilikuwa haijafikiwa.

Kisha stima ikapotea.

Ilipotea estate nzima, bila onyo, kama kawaida yake. Pampu ikanyamaza. Nilimwangalia Mbugua, naye alikuwa anaangalia ile mipira miwili iliyoingia dirishani. Tangi limefunikwa kila upande. Chumba kimejaa dawa, hakiingiliki. Samaki mkubwa vile, kwenye maji ya uvuguvugu yasiyotikiswa, angemaliza hewa mapema kuliko stima ya Jericho inavyorudi.

Mbugua akauchomoa mpira kwenye pampu, akautia mdomoni, akaanza kupuliza. Alipuliza hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Ana miaka yake, na kifua chake si kizuri tangu enzi za gesi za friji. Nilimwambia aache, hakunisikia. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na stima, na samaki, na wakwe wa Kitale ambao sikuwa nimewaona.

Wesonga ndiye aliyetuokoa. Anauza maziwa kwa baiskeli na alikuwa akipita na mitungi mitupu. Alisimama, akamwona mzee mzima anapuliza mpira unaoingia dirishani, akauliza kuna nini. Nikamweleza. Hakucheka. Alichomoa pampu ya baiskeli, akakata kipande cha tyubu mbovu aliyokuwa nayo kwenye kikapu, akaifunga pampu na mpira pamoja, akaanza kusukuma. Kwa mbali, kupitia kioo cha dirisha, tuliona viputo vikipanda nyuma ya nailoni.

Basi ikawa zamu. Wesonga alisukuma, nikasukuma mimi, akasukuma Nerima mwenyewe na nywele zake zikiwa nusu zimesukwa. Akaja baba wa nyumba ya kona ambaye hasalimiani na Mbugua tangu uchaguzi. Watu hawakuwa na pa kwenda, nyumba zimefungwa, magodoro yako juani, kwa hivyo wakaja wote nyuma ya ile nyumba, wakacheka, wakataniana nani mikono yake ni ya ugali na nani ya mkate. "Sukuma, samaki asije akakudai," mtu akasema. Mbugua alikuwa akiwapa watu maji ya kunywa, mmoja mmoja.

Mama Nerima hakuja. Alikuwa amekaa njiani kwenye kiti chake chenye nailoni, akilinda mapazia yake yaliyoanikwa. Nilipopita kwenda kunywa chai akasema, "Watu wazima wanampulizia samaki pumzi. Mimi nimeona mambo." Mikono yangu ilikuwa inauma.

Stima ilirudi alasiri. Jioni, Gichuru aliposema hewa imeshatulia, Mbugua alifungua madirisha yote, akapangusa, kisha akatoa nailoni. Tulijaa mlangoni. Kangaja alikuwa amejibana kwenye pembe ya chini, kijivu kabisa, lakini mashavu yake yalikuwa yakienda. Watu walishangilia kama Harambee Stars wamefunga bao. Mbugua alikaa kwenye kitanda ambacho hakikuwa na godoro, akafunika uso kwa mikono yake miwili. Alilia, na hakujificha.

Ningependa kuishia hapo, lakini si hapo ilipoishia.

Siku chache baadaye aliniita. Alikuwa na tochi na miwani ya kusomea. Kangaja alikuwa akijisugua kwenye mawe, anapumua upesi upesi, na kwenye mapezi yake kulikuwa na nukta nyeupe kama mtu amemnyunyizia chumvi ya meza. Hofu ya siku ile ilikuwa imemlegeza, na vidudu vikapata nafasi. Mbugua akamtenga kwenye pipa la plastiki lenye maji ya uvuguvugu na dawa, kwa sababu ile dawa ikimwagwa tangini inaua kila kitu kilicho hai kwenye mawe. Akamloweshea mwani kwenye maji ya kitunguu saumu ili apate hamu. Kangaja aliusogelea, akaunusa, akaondoka. Nukta zikageuka kuwa vumbi mwili mzima.

Wakwe walikuja Jumamosi kama ilivyopangwa. Wazee wa laini tuliitwa kuwapokea, na Mbugua alikuja akiwa na koti lake la bluu nililomshonea, na viatu vimepigwa rangi. Tulikalishwa kwenye viti vya rangi ya maziwa, nailoni ikilia kila mtu akijisogeza. Kuku aliliwa, maneno yalisemwa vizuri, mzee wa Kitale alikuwa mcheshi. Alikuwa amesikia habari za samaki na akataka aonyeshwe.

"Leo hapokei wageni," Mbugua alimwambia kwa upole. Mzee akacheka, nasi tukacheka naye.

Tulipotoka ndipo akaniambia kwamba kangaja alikuwa amekufa asubuhi ile, alipokuwa akivaa. Alikuwa amemfunga kwenye kitambaa na kumwacha juu ya meza ili asiharibu siku ya watu. Tulimzika nyuma ya nyumba, mahali palepale pa pampu. Sikujua la kusema kwa samaki, kwa hivyo nilishika koleo.

Agosti ilipoanza, watu wakaanza kujikuna tena. Kwanza nyumba ya Mama Nerima, kisha za pande zote mbili. Tulianza kutazamana vibaya, na kuna waliosema ni kwa Mbugua, kwamba ile nailoni yake ilizuia dawa. Yeye alifungua mlango wake akasema waje watafute. Walitafuta, hawakupata hata mmoja.

Kisha simu ikatoka Kitale. Nerima ndiye aliyenisimulia, huku akicheka na kulia. Mama mkwe alipiga akasalimia vizuri, akauliza hali ya afya, akauliza mvua, halafu akasema kwamba koti la mzee limekutwa na wageni, na je, huko kwenu mnatumia dawa gani. Mama Nerima aliweka simu mezani na hakula siku hiyo.

Alimwita Mbugua yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye tochi na miwani, na macho yaliyokwisha kuzoea kutafuta nukta. Mimi nilifuata. Mbugua alipiga magoti, akakiinua kiti upande mmoja, akamulika kule chini ambako nailoni inaishia kwenye mguu. Akaikunja kidogo. Mshono wote ulikuwa mweusi, nao walikuwa wakitembea, mama na watoto na wajukuu, mahali pakavu pasipofikiwa na dawa. Tukainua vingine kimoja kimoja, na vyote vilikuwa hivyohivyo.

Nilimngoja aseme. Mimi ningesema. Ningesema hadi watu wa Pumwani wanisikie. Mbugua alizima tochi, akairudisha nailoni ilivyokuwa, akasimama kwa kushikilia goti.

"Ni hapa," alisema, akaenda kwake.

Jioni moja ya wiki ileile nilikuwa nimempelekea Mbugua koti lake, mfuko ulikuwa umechanika. Tangi lilikuwa bado linafanya kazi, maji ya uvuguvugu, taa imewaka, viputo vinapanda, na ndani hakuna kitu ila mawe. Alinieleza kwamba lazima likae hivyo muda mrefu bila samaki, mpaka vile vidudu vife njaa, na mawe nayo yana uhai wake unaotaka hewa. Baada ya hapo hakujua. Labda angemwandikia yule mtu wa Kilifi, labda asingemwandikia.

Mama Nerima akapiga hodi. Alikaa kwenye stuli karibu na kioo, mikono kwenye mapaja.

"Nimevua nailoni yote," alisema. "Gichuru anakuja kesho, kwangu na kwa hao wanaojikuna tu. Hatapita huku."

"Sawa, Mama Nerima."

"Nilikwambia utanunua mwingine."

"Ulisema."

"Nilikosa. Imenikaa hapa tangu Kitale wapige simu." Akajigusa chini ya shingo. "Watu wote walisukuma, hata mtoto wangu. Mimi nikakaa nalinda viti."

Mbugua akasema si yeye aliyemuua kangaja, ni madoa. Mama Nerima akatikisa kichwa, akamwambia asimpe pole yeye.

Hapo stima ikapotea. Taa ya tangi ikazimika na pampu ikanyamaza, na chumba kikabaki na mwanga mdogo wa mlangoni. Pampu ya baiskeli aliyoiacha Wesonga ilikuwa bado imening'inia kwenye msumari, imefungwa na kile kipande cha tyubu. Mbugua alianza kuinuka, lakini Mama Nerima alikuwa karibu zaidi. Aliitungua, akautafuta mpira kwa mkono, akaunganisha vibaya, akaunganisha tena. Akaanza kusukuma.

"Mama Nerima," nikasema, "mle hamna samaki."

"Nimeona."

Alisukuma. Alikuwa hajui kupima nguvu, alianza kwa kasi mno na leso ikamfunguka. Akaifunga kwa mkono mmoja na kuendelea. Viputo vilipanda kando ya lile jiwe alilopenda kuzunguka. Mbugua alirudi akakaa, akatazama maji.

Stima ilirudi. Taa ikawaka, pampu ya stima ikaanza kunguruma yenyewe, lakini Mama Nerima hakuacha, na Mbugua hakumwambia aache.